Mgeni asiyeona ameshindwa kuweka nafasi ya chumba

SWALI: Ninamiliki nyumba ndogo ya wageni mjini Bagamoyo, yenye wafanyakazi 6. Hivi karibuni mama mmoja wa Ujerumani, asiyeona, alituandikia kwamba alipofika kwenye ukurasa wa kuchagua tarehe katika tovuti yetu alikwama. Muuzaji wa huduma za mtandao ananishauri ninunue kitufe cha kubandika pembeni mwa tovuti, kwa ada ya kila mwezi, akidai kitamaliza tatizo na kunikinga na sheria mpya ya Ulaya kuhusu huduma zinazofaa watu wenye ulemavu. Je, ninunue?

JIBU: Tunakushauri usinunue. Mgeni wako hakupungukiwa na chombo, kwa kuwa wasioona wengi tayari wana programu inayowasomea skrini kwa sauti, kama vile TalkBack katika simu za Android, VoiceOver katika iPhone, au NVDA, ambayo hutolewa bure kwa kompyuta za Windows. Kasoro imo ndani ya tovuti, na humo ndimo inamorekebishwa. Mwaka 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliiamuru kampuni ya accessiBe, inayouza chombo cha aina hiyo cha kubandika kwenye tovuti, ilipe dola milioni 1, kwa kudai kwamba chombo chake kingeweza kuifanya tovuti yoyote itimize miongozo ya kimataifa ya tovuti zinazofaa watu wenye ulemavu.

Anza na kalenda. Kalenda nyingi hutengenezwa kwa ajili ya mtu anayebofya kwa kipanya, ilhali asiyeona anayetumia kompyuta hupita ukurasani kwa kibodi. Weka kipanya kando, kisha ujaribu mwenyewe kuweka nafasi kwa vitufe vya Tab, Enter na mishale peke yake. Ukikwama, umepata kazi ya kwanza ya fundi. Aongeze visanduku ambamo mgeni anaweza kuandika tarehe, kila kimoja kikiwa kimeunganishwa na jina lake katika msimbo (maandishi ya kompyuta yanayounda tovuti), ili programu itamke “tarehe ya kuwasili” badala ya kutangaza kisanduku tupu.

Kisha tazama bei zako zimewekwaje. Wafanyabiashara wengi (na tabia hii imeota mizizi) hupandisha kwenye tovuti bango lilelile walilolituma WhatsApp, na msikilizaji huambulia neno “picha”, au jina la faili lenye mlolongo wa herufi na tarakimu, bila kusikia bei hata moja. Bei ziandikwe kwa maandishi ya kawaida. Picha za vyumba nazo zipewe maelezo mafupi, mathalani “chumba cha vitanda viwili, mlango hauna ngazi”.

Fundi ataje pia lugha ya kila ukurasa katika msimbo, vinginevyo kompyuta ya mgeni wako inaweza kusoma Kiingereza chenu kwa matamshi ya Kijerumani. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe yakolezwe kwa ajili ya wenye uoni hafifu. Miongozo hiyo ya kimataifa hutaka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1.

Kuhusu sheria, ile ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 28 Juni 2025 inagusa biashara za mtandaoni, lakini inawasamehe watoa huduma wenye wafanyakazi chini ya 10 ambao mapato yao ya mwaka hayazidi yuro milioni 2. Kwa kuwa una wafanyakazi 6, ikiwa mapato yako hayazidi kiasi hicho, hofu aliyokutia muuzaji haina msingi.

Wakati matengenezo yakiendelea, andika namba ya simu juu kabisa ya ukurasa wa nafasi. Fundi akimaliza, mwombe mama huyo ajaribu tena, na malipo ya mwisho ya fundi yasubiri jibu lake.