Peptidi "zinajiunda", "zinaundika" au "zinajipanga"?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Bagamoyo anayesoma shahada ya pili ya kemia, kaandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Naandika muhtasari wa utafiti wangu kwa Kiswahili ili na wazazi wangu wausome. Nimeandika 'peptidi bandia zenye muundo uliopangika ambazo zinajiunda zenyewe'. Mwenzangu anasema 'zinajiunda' ni kosa, niseme 'zinaundika'. Nani yuko sahihi?"

Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa kuwakumbuka wazazi. Nikwambie mapema tu, hapo hajapatia mtu, ila wewe uko karibu zaidi kuliko mwenzio, na kwenye sentensi hiyo hiyo kuna maneno mengine mawili inabidi tuyaguse.

Kwa msomaji mwingine, peptidi ni mnyororo wa asidi amino, zile molekuli ndogo zinazojenga protini. Tuanze na hilo mlilobishania. Ile -ik- ya "kuundika" ni ile ile ya barabara haipitiki masika hii, au mwandiko wake unasomeka. Mtendaji hayupo kabisa, huwezi kusema barua imesomeka na baba, sikio linakataa. Sasa ukisema peptidi zinaundika mzee wako ataelewa kwamba kumbe inawezekana kuziunda, basi, wakati wewe unataka kumwambia jambo kubwa kuliko hilo, kwamba ukishazitia kwenye maji zinafanya mambo yao zenyewe hakuna mkono wa mtu. Kwa hiyo ji- unaihitaji, hapo uko sawa. Tatizo lako ni kitenzi. Kitu kinachojiunda kinajitengeneza kuanzia mwanzo, na mnyororo wa peptidi haujajitengeneza, umeutengeneza wewe maabara, asidi amino moja baada ya nyingine. Kinachotokea chenyewe ni ile minyororo kutafutana na kukaa kila mmoja mahali pake. Mie nasema zinajipanga. Kengele ya shule ikilia watoto wanajipanga mistari, mwalimu hamshiki mtoto mabega akamsogeza.

Huku Tanga ninapoandikia nina shangazi yangu yuko Pongwe, anasuka mikeka mpaka leo. Anachana miyaa, anatia rangi, anasuka ukili mrefu anauviringisha anauweka, halafu siku nyingine ndo anakaa na sindano anaushona ukili kwa ukili mpaka mkeka utokee. Yaani kazi mbili, kusuka na kushona, na lugha imezipa vitenzi viwili. Peptidi zako nazo zina hatua mbili ila hatua ya pili haina sindano wala mshonaji, na hilo ndilo neno lako linatakiwa libebe.

Na zinajipangaje? Hapa nimesoma kidogo ili nisikujibu hewani, maana istilahi ukiichagua bila kukijua kitu chenyewe unapotosha. Chukua ile aina ya mnyororo unaojizungusha kama springi, kila mzunguko asidi amino 3.6. Mtaalamu anazipanga asidi amino saba saba, nafasi ya kwanza na ya nne anaweka zile zinazokwepa maji kama mafuta ya nazi yanavyoyakwepa, kwa hiyo upande mmoja wa springi unakuwa na mstari mzima unaotaka kujificha. Springi mbili zikikutana zinafichiana huo upande, na kwa vile mstari wenyewe unapinda taratibu basi zinazungukana kama nyuzi mbili za kamba ya mkonge. Mwanasayansi Mwingereza Francis Crick alilieleza umbo hilo 1953. Halafu 1993 watafiti wakaonyesha kwamba ukibadilisha tu ni leusini au isoleusini, asidi amino mbili zinazofanana sana, inayokaa kwenye nafasi hizo mbili, zinajipanga mbili mbili, au tatu tatu, au nne nne. Mie hilo lilinigusa sana, kitu kidogo kinabadilika na umbo zima linageuka, kama kwetu pita, pitika, pitisha. Kwa umbo hilo usihangaike, sema msokoto, kila aliyewahi kushika kamba atakuelewa.

Sasa "uliopangika". Kitenzi ni sahihi ila njeo, yaani wakati wa kitenzi, inakuponza. Nyumba imepangika maana yake tayari iko nadhifu, kila kitu kimekaa. Wewe unataka kusema muundo ambao mtu anaweza kuupanga atakavyo, kwa hiyo ni "unaopangika". Kuna wanaosema "unaoprogramika", sitawagombeza, lakini panga inakupa ukoo mzima: mpangilio wa asidi amino unaupanga wewe, minyororo inajipanga, umbo linapangika, na mzazi wako anaona ni jambo moja linaendelea.

Hili la "bandia" ndo linaniuma zaidi. Noti bandia si noti, nywele bandia si nywele. Peptidi ya maabara ni peptidi kweli, vifungo ni vile vile. Mkemia Mmarekani Bruce Merrifield alitangaza njia yake 1963, ya kuufunga mnyororo kwenye punje za plastiki halafu unaongeza asidi amino moja moja, ikampa Nobel 1984. Mwaka 1969 yeye na mwenzake Bernd Gutte walitengeneza kwa njia hiyo ribonukliezi A, protini ya asidi amino 124 ambayo kazi yake ni kukata RNA, ile molekuli ya ujumbe wa vinasaba, na ikaikata kweli. Utaiitaje bandia kitu kinachofanya kazi? Andika "peptidi za maabara", au "za kutengenezwa" kama unataka kuwa rasmi.

Na kwa kuwa utafika huko mbele, shika na hii: mnyororo mmoja unapoingia kwenye umbo lake sema unajikunja, usiandike "unakunjana". Kukunjana ni shati lililolalwa nalo, makunyanzi matupu. Hilo liweke akiba kwa protini zilizokunjana vibaya, hapo linafaa kweli kweli. Na zikipata moto zikaachia umbo, zimekunjuka, kama za kwenye yai la kuchemsha kabla hazijashikamana likawa gumu.

Kwa hiyo sentensi yako iwe: "Peptidi za maabara zenye muundo unaopangika, ambazo zikitiwa kwenye maji hujipanga zenyewe." Nimeweka hujipanga badala ya zinajipanga kwa sababu ni tabia yao, si kitu cha leo tu. Ukimaliza ukurasa wa pili msomee mama kwa sauti, pale atakapokuuliza "nini hicho?" ndo uniandikie tena.