Mama anaamka saa nane usiku kwenda Mwaloni

SWALI: Shikamoo dokta. Mama ana miaka 71, zamani alikuwa anauza dagaa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kaacha siku nyingi. Sasa hivi usiku wa manane anaamka, anajifunga kanga, anabeba beseni, eti mitumbwi imeshafika. Zahanati walisema uzee tu, kwingine wakampa dawa za usingizi, na majirani wameanza kunong'ona uchawi. Nimpeleke kwa nani? (Binti yake, Igoma)

JIBU: Marahaba binti, pole sana. Huo sio uzee tu, na uchawi ndo kabisa haupo, hao majirani waambie mapema maana huku kwetu Usukumani bibi zetu wameshauawa kwa maneno kama hayohayo.

Inaonekana kama demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na kuvuruga akili, ila haipimwi kama malaria, tone la damu na jibu hapohapo, kwa hiyo hakuna mtu mmoja wa kumpelekea. Anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa, omba rufaa ya hospitali ya Bugando. Daktari wa magonjwa ya ndani atatafuta kwanza vinavyotibika, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, kaswende, VVU, damu iliyovilia kichwani kama aliwahi kuanguka, halafu presha na sukari maana stroku (kiharusi) ndogondogo zinakula kumbukumbu taratibu. Daktari wa akili ataangalia sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoisha, mzee mwenye sonona naye anasahau. Na mfamasia jamani, huyu watu wanamruka na mimi inaniuma, beba dawa ZOTE kwenye mfuko, hizo za usingizi na hata Piriton ya mafua, zipo zinazomvuruga mzee kichwa kabisa. Ulizia pia afisa ustawi wa jamii.

Ila bila wewe hao wote wanapapasa, maana mbele ya daktari mama atasalimia vizuri, atacheka, utaonekana muongo. Nunua daftari, andika imeanza lini, polepole au ghafla, siku aliyotia chumvi kwenye chai, siku aliyopotea njia. Ikiwa imeanza ghafla ndani ya siku mbili tatu usisubiri kliniki, nenda leoleo, hata maambukizi ya mkojo yanafanya hivyo.

Usiku usibishane naye wala usimnyang'anye beseni. Mwambie, mama leo mbalamwezi, hawajaingia ziwani, kaa tunywe uji. Mtu wa dagaa anajua mwenyewe mbalamwezi hakuna kitu.