Usahihi wa 97% na bado wasiolipa mkopo wanapita

Ndugu, unasema modeli yako (programu iliyojifunza kutokana na data kutabiri nani hatalipa mkopo) ina usahihi wa 97%, na bado wasiolipa wanapita. Kama katika mikopo 10,000 ni 300 tu haikulipwa, modeli inayosema "wote watalipa" inapata usahihi wa 97% bila kujifunza chochote. Ndicho kilichokupata. Tazama badala yake: kati ya ile 300 imenasa mingapi, na kati ya iliyoishuku, mingapi kweli haikulipwa?

Kabla ya kubadilisha algorithimu (njia ya kujifunza ya modeli), pitia safu wima za data moja moja na ujiulize: taarifa hii ilikuwepo siku mkopo unaombwa? "Siku za kuchelewa" au "idadi ya simu za kukumbushwa" huzaliwa baada ya mkopo kutolewa. Ukiziacha ndani ya data, modeli itang'ara kwenye majaribio na kuanguka ikianza kazi. Hapa ndipo wengi hupotelea, usiharakishe.

Gawa data kwa tarehe: miezi ya mwanzo ya kufundishia, ya mwisho ya kupimia. Ukirudufu mikopo isiyolipwa ili iongezeke, fanya hivyo baada ya kugawa, upande wa kufundishia tu. La sivyo nakala zitaingia pia upande wa kupimia na vipimo vitakudanganya.

Kisha sogeza mpaka, yaani uwezekano wa kutolipa ambao kuanzia hapo mkopo unakataliwa, maana 0.5 si sheria. Mkopo mmoja ukipotea unakula faida ya mikopo 9 mizuri? Kataa kuanzia uwezekano wa 0.1, yaani 1/(1+9). Ila hesabu hii haiendi pamoja na class_weight="balanced" ya scikit-learn (mpangilio wa maktaba hiyo ya Python unaoipa mikopo michache isiyolipwa uzito zaidi) wala huko kurudufu: vyote viwili hupandisha uwezekano juu kuliko hali halisi. Chagua njia moja.