Mwambie Ukweli Kabla Hujampanda

Wiki iliyopita mama mmoja alinisogelea kwenye pantoni tukitoka Kigamboni. Alikuwa ameiona helmeti iliyoning'inia kwenye begi langu, akayatazama magongo yangu, akaunganisha mwenyewe. Binti yake ana miaka 14, ana mtindio wa ubongo uliomkaza mkono na mguu wa kulia, na kuna mtu kamwambia farasi watamfaa. "Na mwanangu ataweza?" Tulikuwa tunakaribia Magogoni, watu wameshasimama, bajaji zinawashwa. Nikamjibu harakaharaka, "Ataweza, mama," tukapotezana kwenye msukumano wa kushuka.

Sikumdanganya, lakini nilimpa nusu ya jibu. Nusu nyingine ndiyo iliyonigharimu miaka, na ndiyo ninayoiandika hapa.

Niliumia uti wa mgongo mwaka 2012, kwenye ajali ya bodaboda. Mguu wa kushoto haunyanyuki, na kuanzia kwenye kalio hadi unyayo hausikii kitu. Wa kulia una nguvu kiasi. Mwaka 2015 rafiki yangu alinichukua twende kwenye banda moja la farasi huko Kigamboni, kupunga upepo tu. Saisi wa pale, yaani mtunza farasi, mzee aliyestaafu polisi kwenye Kikosi cha Mbwa na Farasi, aliniona nikimpapasa farasi jike wa rangi ya hudhurungi anayeitwa Karafuu. Akaniuliza, "Binti, unataka kumpapasa au unataka kumpanda?" Siku hiyohiyo watu wawili waliniinua wakaniweka juu ya tandiko, mzee akashika hatamu, tukaanza kwenda.

Jambo lililonitokea pale lina maelezo yake, ingawa siku ile sikuyajua. Farasi akitembea polepole, mgongo wake hukisukuma kiuno chako mbele na nyuma, hukiinamisha kushoto na kulia, tena hukizungusha kidogo, karibu sawa na kiuno cha mtu anayetembea kwa miguu yake. Mwili wangu ulikuwa umekaa miaka mitatu bila mwendo ule. Ukaukumbuka. Nililia, na wote wakadhani naogopa wakataka kunishusha.

Kwa hiyo raha ipo, na sitaki mtu amnyime binti yule raha hiyo. Lakini mwaka wa pili nilianza kutaka zaidi ya raha. Nilitaka kushindana.

Mchezo wenyewe ni dresaji. Unaingia kwenye uwanja wa mstatili, mita 20 kwa 40 kwa sisi wa madaraja ya chini, wenye herufi pembeni, na unamwongoza farasi kwenye mistari na duara ulizopangiwa. Jaji hutoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila tendo, kisha jumla inageuzwa asilimia. Kwenye Paralimpiki, yaani Olimpiki ya watu wenye ulemavu, mchezo wa farasi ni huu tu, hakuna kuruka viunzi, na wanaume na wanawake hushindana pamoja. Wapandaji wamegawanywa madaraja 5. Daraja la 1 ni la wenye ulemavu mzito zaidi, nao huonyesha mwendo wa kutembea peke yake. Troti, mwendo wa kukimbia polepole, inaanzia la 2, na kanta, wa kasi zaidi, la 4. Watu hudhani mwendo wa kutembea ni rahisi. Jaribu kumfanya farasi atembee mstari ulionyooka, kwa hatua zilizolingana, wakati mguu wako mmoja hauwezi kumwambia chochote.

Wanaokupanga daraja hawaangalii jina la ugonjwa wako. Wanapima nguvu ya misuli, namna inavyokakamaa, namna viungo vinavyotii. Nami hapo ndipo nilipoanza kosa langu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliponipima kwa mtindo huo, nilisukuma kwa nguvu zangu zote, nikabana meno, nikazuia kutetemeka. Nilitaka nionekane mzima. Sikumwambia kwamba nguvu ile inakaa dakika tano tu. Mwalimu akanipangia mazoezi ya mtu wa dakika arobaini, nami nikayakubali.

Miezi michache kabla ya mashindano yangu ya kwanza, niliona alama kwenye kalio la kushoto, ndogo kama sarafu. Ilikuwa imesababishwa na mshono wa suruali. Sikuisikia, maana pale sisikii kitu. Nikanyamaza. Nikavaa suruali mbili, nikaanza kuegemea kulia ili nisilikalie lile kalio. Wiki mbili baadaye Karafuu akaanza kwenda upande upande. Mwalimu akadhani anachechemea. Wakamkagua kwato zote nne, wakamwita daktari wa mifugo, wakalipa, wakampumzisha. Mzee saisi hakusema neno wakati wote huo. Siku ya tatu akanifuata nilipokaa, akaniambia taratibu, "Binti, farasi huyu hana kitu. Wewe ndiye umekaa kama mtu anayekwepa mwiba."

Kidonda kilikuwa kimeshachimba. Nililala kifudifudi miezi miwili. Mashindano yakapita.

Kama mwili wako una sehemu isiyohisi, nakuomba uishike aya hii kuliko nyingine zote. Kila ukishuka, jikague kwa kioo, au mtu unayemwamini akukague, kabla hujafanya jambo lingine. Watakwambia utafute wekundu; kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta pahali palipokolea weusi au zambarau, penye joto kuliko ngozi ya jirani, pagumu au palipolegea. Ukibonyeza pasibadilike, hakuna kupanda mpaka pamepona, hata kama mashindano ni kesho. Anza na dakika 15 au 20. Joto la Dar linalowesha nguo upesi, na ngozi iliyoloa inachubuka haraka, kwa hiyo panda saa kumi na mbili asubuhi na ubadilishe nguo papo hapo. Fundi cherehani mmoja wa Kariakoo alinishonea suruali ambayo mshono umehamishiwa nje ya paja, na juu ya tandiko naweka ngozi ya kondoo yenye manyoya yake. Ni vitu vya bei ndogo. Miezi miwili ya kulala kifudifudi ndiyo ghali.

Na mguu usiohisi unaweza kuteleza ukapita ndani ya kikuku, kile chuma cha kukanyagia, usijue, ukianguka ukaburutwa. Tumia kikuku kilichofunikwa mbele. Kama lazima mguu ushikizwe, tumia ukanda mwembamba wa mpira unaokatika. Usikubali kamwe kufungwa kwenye tandiko, hata mtu akikwambia ni kwa usalama wako.

Nikiwa nimelala vile ndipo nilipoanza kusoma habari za Lis Hartel wa Denmark. Alipata polio mwaka 1944 akiwa na miaka 23, tena mjamzito, na chini ya magoti hakupata tena nguvu. Mwaka 1952, ambao ulikuwa wa kwanza wanawake kuruhusiwa kwenye dresaji ya Olimpiki, alichukua medali ya fedha kule Helsinki akishindana na wazima. Alikuwa akiinuliwa kupanda na kusaidiwa kushuka, mbele ya watu wote. Mshindi wa dhahabu, Henri Saint Cyr wa Sweden, alimpa mkono kupanda jukwaa la medali. Nilikaa na habari hiyo siku nyingi. Mimi nilikuwa nikichagua saa ambayo banda halina watu, wasinione ninavyonyanyuliwa.

Niliporudi nilimweleza mwalimu kila kitu: dakika tano, kalio, mtetemeko unaokuja nikichoka. Akapanga upya. Tukaanza kutumia fimbo mbili ndefu, moja kila upande, za kumgusa farasi pale mguu wangu unapopaswa kumgusa. Zinaruhusiwa hata kwenye mashindano makubwa. Mwaka 2018 nikashindana, mashindano madogo ya hapahapa, wapandaji wengine wote wakiwa wazima. Asilimia 63. Nilikuwa wa nne kati ya saba. Mama yangu, aliyekuwa amekataa kuja mara tatu, alikaa chini ya mwembe akiwa ameziba macho kwa kanga hadi nilipotoa salamu ya mwisho.

Masika ya 2019 Karafuu alikufa. Ni ugonjwa unaoitwa maradhi ya farasi ya Afrika, unaoenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma tangu magharibi hadi alfajiri. Pundamilia huwa nao bila kuugua; farasi wengi wakiupata hufa. Alianza na homa, vishimo vya juu ya macho vikavimba, kesho yake povu likawa linatoka puani. Dawa ya kuuponya haipo. Mzee saisi alikaa naye hadi mwisho. Mimi nilichelewa kwa sababu ya foleni ya Feri.

Nalieleza hili kwa sababu hakuna aliyenieleza. Ukichagua mchezo huu hapa kwetu, umechagua kutegemea mnyama ambaye huenda si wako na anaweza kuondoka kwa siku tatu. Hata farasi akiwa mzima, nchi nyingi haziruhusu farasi kuingia kutoka maeneo yenye maradhi haya bila masharti makali, hivyo ndoto ya kusafiri na farasi wako iweke pembeni. Jizoeze kupanda farasi wa kuazima. Masharti ya namna hii si mapya: mwaka 1956 Michezo ya Olimpiki ilikuwa Melbourne, lakini sheria za karantini za Australia zilifanya mashindano ya farasi yahamishiwe Stockholm. Hartel alipata medali yake ya pili ya fedha huko. Sijafika Paralimpiki, na kwa umri wangu sidhani nitafika. Bado inaniuma, na sijifanyi haiumi.

Mwaka mzima sikupanda. Sasa nina farasi mwingine wa kuazima, dume aliyehasiwa, mwoga wa mawimbi. Kila asubuhi kabla ya kuinuliwa namwambia mwalimu leo mwili ukoje, kwa maneno yasiyofichwa: nimelala vibaya, kiuno kimekaza, leo troti hapana. Siku nyingine tunamaliza kwa dakika kumi.

Mama wa kwenye pantoni, sikuchukua namba yako. Kwanza mpeleke binti kwa daktari wake, muulize kuhusu nyonga na mgongo kabla hajapandishwa. Akikubali, mimi navuka kila Jumamosi, pantoni ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, huwa nakaa karibu na ngazi. Muulize binti mwenyewe, faraghani, wapi panamuuma na wapi hapahisi, na aje amevaa suruali isiyo na mshono mgumu.