Mguu Ukikusimamisha Njiani, Usisingizie Uzee

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, aliniandikia. Babake akitembea kidogo tu, shavu la mguu humkaza mpaka asimame. Akipumzika dakika mbili tatu, maumivu huisha. Wameambiwa ni uzee. Nilisoma ujumbe ule mara tatu, moyo ukanichoma, kwani neno hilohilo ndilo lililonipotezea mwaka mzima, kumbe ni mshipa wa damu mguuni ulioziba.

Mimi nilianzia kwenye ule mpando wa feri ya Likoni, upande wa kisiwani. Watu wapanda mbiombio, nami nimeganda katikati, simu sikioni kana kwamba naongea. Nikifika Mtaa wa Biashara nasimama kila baada ya maduka matatu, najifanya nasoma majina ya leso. Muuzaji mmoja alishanizoea: "Ami, leo wamchukulia nani?" Sikuwa na wa kumchukulia. Nilikuwa nangoja mguu uniachilie.

Kliniki niliyokwenda wakasema baridi yabisi, halafu mgongo, halafu umri. Nilikuwa na miaka 54! Vidonge vya maumivu nilivimeza kama njugu, na hakuna hata mmoja aliyenivua kiatu. Hilo bado laniuma, sitaficha.

Daktari aliyenitambua alianza na soksi. Akagusa juu ya wayo kutafuta mpigo. Wa kushoto haukuwepo. "Wavuta sigara?" Tangu skuli, nikamwambia. Akanifunga kitambaa cha presha mkononi, kisha juu ya kifundo cha mguu, akasikiliza kwa kidude cha Dopla, kinachotoa sauti ya damu ikipita. Kulia: shuu, shuu, shuu, kama mtu afagia ua. Kushoto: mvumo wa mbali. Presha ya kifundo hugawanywa kwa ile ya mkono. Mguu usio na kasoro hupata 1 au zaidi kidogo. Ukishuka chini ya 0.9, mshipa umezibwa mahali. Wangu ulipata 0.6. Hapakuwa na sindano, wala hatukumaliza nusu saa. (Wenye kisukari, mishipa yenu huweza kukakamaa hata kipimo hiki kikadanganya. Ombeni mpimwe na presha ya kidole gumba cha mguu.)

Ikafuata angiogramu, yaani picha ya mishipa ya damu. Mpira mwembamba ukapitishwa kinenani, rangi ikamiminwa, na kwenye skrini nikauona mshipa wa paja ukishuka vizuri, kisha ukakonda kama uzi. Pale pale puto dogo likajazwa ndani yake, njia ikapanuka. Ufundi huu una umri: mwaka 1964 daktari Charles Dotter, huko Portland, Marekani, alimfungulia mshipa wa mguu, kwa mipira myembamba tu bila puto, mama wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Wengine huwekewa stenti, kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa wazi, na kizuizi kikiwa kirefu huenda ukapasuliwa, damu ichongewe njia ya pembeni.

Lakini puto halikumaliza kazi. Nina aspirini, nina dawa ya kolesteroli, na sigara nimeizika. Kisha kutembea: unakwenda mpaka maumivu yaje, unasimama, yakiisha unaendelea. Nusu saa, mara tatu kwa wiki, miezi mitatu. Juzi nilipanda kutoka feri moja kwa moja, na simu ikabaki mfukoni.

Ndugu zangu, nani kati yetu hataki kuzeeka akienda sokoni kwa miguu yake? Acheni sigara. Dhibitini sukari na presha. Mafuta yanayoziba mguuni ndiyo hayohayo yanayonyemelea moyo na ubongo, kwa hiyo narudia, acheni sigara, na msikubali kuambiwa "uzee" na mtu ambaye hajaugusa mguu.

Dada yangu wa Kisauni, mpeleke baba, na useme wazi: mpimeni presha ya kifundo cha mguu. Na iwapo mguu utapoa ghafla, ukapauka na kufa ganzi, msingoje kukuche, maana huweza kuharibika kwa saa chache tu. Msiukande, msiutie maji moto. Tafuteni gari usiku huohuo mwende hospitali.