Jibu: Wakala anadai hela ili ampeleke mdogo wangu kiwandani Malaysia, tulipe?

Habari ndugu. Umesema mdogo wako wa Kasulu anadaiwa 1,800,000 ndipo apelekwe kiwandani Malaysia, na mama ameshaanza kutafuta mteja wa shamba. Tafadhali mzuie mama kwanza. Shamba likishauzwa halirudi.

Mimi nililipa wakala kama huyo nikitokea Urambo. Karatasi niliyopewa iliandikwa kwa kalamu "mchango wa safari", haina muhuri wala jina la mpokeaji, na nilipokuja kudai sikuwa na pa kushika. Kilichoniumiza zaidi ni deni lenyewe. Nilinyanyaswa na sikuweza kuacha kazi, maana nyumbani wenye hela yao walikuwa wanasubiri.

Cha kuangalia kwanza ni leseni ya huyo wakala. Mwombe nakala, uipeleke kwa afisa kazi wa mkoa pale Kigoma mjini au uwaulize TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, kama wanamtambua. Akianza kukuzungusha, achana naye. Pia mkataba ausome nyumbani akiwa na muda, na pasipoti abaki nayo mwenyewe.

Akikwambia ada ni kawaida, mjibu kwamba Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1997 umeweka msingi kuwa wakala hamtozi mfanyakazi. Hukohuko Malaysia, baada ya Marekani kuzuia glavu za kampuni ya Top Glove zisiingie kwao mwaka 2020 kwa tuhuma za kazi ya kulazimishwa, kampuni hiyo ilianza kuwarudishia wafanyakazi wa kigeni ada walizotozwa.

Kama kuna chochote mmeshatoa, tunza meseji za muamala, usifute hata moja.