Mfuasi wa Mwalimu? Mwalimu yupi?

Mdogo wangu, umeuliza kama mgombea urais anayejiita mjamaa na mfuasi wa Mwalimu Nyerere anastahili kura yako kwa hilo tu. Kwa hilo tu, hapana.

Niko hapa Tabora, mji aliosoma Mwalimu. Januari 1958 chama chake cha TANU kilikutana hapahapa kuamua kama waingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi walitaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki kabisa. Mwalimu akawashawishi waingie, na TANU ikashinda. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitoa TANU na kuanzisha chama chake, ANC (mimi simwiti msaliti hata leo, alisimamia alichokiamini). Ukipima kwa majina tu, siku ile Mtemvu ndiye angeonekana mzalendo na Mwalimu kibaraka wa mkoloni.

Basi muulize mgombea wako anamfuata Mwalimu yupi. Wa Tabora 1958? Wa Azimio la Arusha 1967, lililomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha? Wa 1985 aliyeng'atuka mwenyewe? Huyo wa 1967 ndiye wagombea wengi humkwepa, na hapo ndipo mimi ningembana: ataje mali zake hadharani. Halafu aje Urambo na Sikonge awaeleze wakulima wa tumbaku malipo yao yatafika lini.